Kujitolea katika shule za msingi za Amani, Usambara Mashariki: tathmini ya mpango mmoja

Mpango ninaoutathmini hapa huwapeleka watu wa kujitolea katika shule za msingi za serikali zilizo kandokando ya hifadhi ya msitu wa Amani, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Niliufuata kwa muhula mzima, nikiwa mwalimu mwenye cheti anayesubiri ajira, na katika muda huo nilifanya kazi pamoja na walimu wa shule moja ya kijijini na kuzitembelea baadhi ya shule za jirani. Maoni yangu ni kwamba mpango huu unafaa, tena unafaa sana, kwa mtu anayekwenda kufanya kazi iliyoombwa na walimu wenyewe na akakaa muda wa kutosha kuifikisha mahali. Kwa anayekwenda kwa majuma mawili ili auone msitu na kupiga picha na watoto, mpango ni hasara kwa shule, na waandaaji wangefanya vyema kuacha kumpokea. Jina la shirika lililonipokea silitaji, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimezisikia pia kwa wenzangu waliopitia kwingine, na ni vyema msomaji azitafute popote atakapoomba nafasi.

Amani ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 900 kutoka usawa wa bahari, na hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Kutoka Muheza mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 30 kwa barabara ya udongo ambayo, ikishapita Sigi, hupanda kwa kona nyingi ndani ya msitu hadi inapotokeza kwenye mashamba ya chai. Magari ya abiria ni machache, na wakati wa masika utelezi unaweza kumkwamisha mtu njiani kwa saa nyingi. Wenyeji wengi ni Wasambaa, ingawa mashamba ya chai yalivuta vibarua kutoka mikoa mingine tangu zamani, na kwa hiyo katika darasa moja utawakuta watoto ambao lugha za babu zao ni tofauti kabisa. Kaya nyingi hutegemea iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, ndizi na ujira wa kuchuma chai. Nayataja haya mapema kwa sababu kila moja huingia darasani, na mpango wowote usioyajua hutoa huduma hafifu hata kama wahusika wana nia njema.

Taratibu za kujiunga zilikuwa za kuridhisha, na hapa nawasifu waandaaji bila kusita. Nilitakiwa kuleta vyeti vya elimu, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa na hati ya tabia njema kutoka polisi, na sikuruhusiwa kukanyaga shuleni mpaka barua ya Halmashauri ya Wilaya ilipomfikia Mwalimu Mkuu. Baadhi ya wenzangu waliona huo ni usumbufu. Mimi naona kwamba shirika lisilodai hati hizo linawaachia watoto wa watu mikononi mwa mtu lisiyemjua, na mzazi wa kijijini ana haki ileile ya ulinzi wa mtoto wake kama mzazi wa mjini. Waliotoka nje ya nchi walitakiwa pia kuwa na kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho kinachowahusu watu wa kujitolea, na shirika liliwaeleza mapema kwamba viza ya matembezi haimruhusu mtu kufundisha.

Maandalizi ya kazi yenyewe, kwa upande mwingine, yalikuwa haba. Tuliahidiwa mafunzo kabla ya kupanda mlimani. Tulichopewa ni mazungumzo ya asubuhi moja kuhusu mavazi, salamu na usafiri. Hakuna aliyetueleza kwamba shule ilikuwa imeomba msaada wa kusoma na kuandika kwa madarasa ya chini, na mwenzangu mmoja alifika na masanduku ya vifaa vya sayansi vya madarasa ya juu, ambayo walimu waliyapokea kwa adabu na kuyaweka stoo. Upungufu huo ungeondolewa kwa barua moja iliyoandikwa na Mwalimu Mkuu na kusomwa na kila anayeomba nafasi.

Mgawanyo wa kazi shuleni ndio sehemu bora ya huduma hii. Katika shule niliyopangiwa, mtu wa kujitolea hakukabidhiwa darasa peke yake. Aliwekwa chini ya mwalimu wa darasa, akahudhuria vipindi vyake, akasaidia kusahihisha madaftari, na baadaye akachukua kikundi kidogo cha wanafunzi waliobaki nyuma. Mpangilio huo una faida kubwa kuliko unavyoonekana. Serikali inakusudia mwalimu mmoja awe na wanafunzi 45, lakini darasa la pili nililolikuta lilikuwa na watoto wengi zaidi ya hao, wameketi watatu na wanne kwenye dawati, na mwalimu wake alikuwa akibeba pia vipindi vya darasa la tatu. Mtu wa pili ndani ya darasa kama hilo humpa mwalimu nafasi ya kumwona mtoto mmojammoja. Mtu anayechukua darasa lote humpumzisha mwalimu kwa muda tu, na siku atakapoondoka mwalimu huyo huyarudia yale ambayo hakuyashuhudia yakifundishwa.

Nitaeleza jambo moja nililoliona kwa karibu, kwa kuwa linaonyesha thamani ya kazi hii kuliko sifa za jumla. Palikuwa na msichana wa darasa la pili ambaye kila aliposimamishwa alisoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa sauti nzuri yenye kupanda na kushuka, na darasa likampigia makofi. Mwalimu wake, mama mwenye uzoefu wa miaka mingi, aliniambia kwa upole, “Mwalimu, hebu tazama kidole chake.” Nilitazama. Kidole kilikuwa kwenye mstari wa tatu wakati mdomo ulikuwa kwenye mstari wa sita. Tulipofunika ukurasa kwa karatasi na kumwachia neno moja tu, “kinu”, alinyamaza na kututazama. Alikuwa amekariri hadithi yote kwa kuwasikiliza wenzake. Watoto wa namna yake hawakuwa wachache, na ndio waliounda kikundi changu cha kwanza barazani: tulikata kadi za silabi kutoka kwenye maboksi ya dukani, tukazipanga juu ya mkeka, ki, nu, ta, bu, na kila mtoto akaunda neno lake mwenyewe kabla ya kulisoma. Kabla ya muhula kwisha, msichana huyo alikuwa akisoma polepole sana, kwa kusitasita, na kidole chake kilikuwa mahali pake. Mwalimu wake alifurahi kuliko siku za makofi, na mimi pia.

Mazingira ya msitu wa mvua yana masharti yake kwa mwalimu, na mpango mzuri ungeyaandika kwenye maelekezo. Mvua inaponyesha juu ya bati lisilo na dari, sauti ya mwalimu haifiki dawati la pili, na somo la kuzungumza hugeuka kuwa somo la kuandika. Walimu wa Amani wanalijua hilo na huwa na zoezi la ubaoni tayari wakati wowote. Ukungu huingia madirishani asubuhi, karatasi hulainika, na vitabu vilivyorundikwa sakafuni huota kuvu katika miezi michache. Nimeona maboksi ya vitabu vya hisani yaliyoharibika namna hiyo, vikiwemo vitabu vya hadithi vya Kiswahili ambavyo shule ilivihitaji kweli. Kwa hiyo anayetaka kuchangia chochote nampendekezea apeleke kwanza ndoo kubwa za plastiki zenye mifuniko, kisha vitabu vichache vya Kiswahili vyenye maandishi makubwa, na aache nyumbani ensaiklopidia za Kiingereza zilizochoka.

Mahudhurio nayo hufuata majira ya shamba. Siku za kuvuna iliki, siku ya gulio, na asubuhi zile ambazo mito imejaa, madawati hubaki wazi, na mgeni mwepesi wa kuhukumu atasema wazazi hawajali elimu. Si kweli. Nilikutana na wazazi waliokata mianzi na kubeba mchanga kwa ajili ya ukarabati wa choo cha shule bila kulipwa, na walioleta mahindi na maharage ya makande ya mchana kwa zamu waliyopanga wenyewe katika mkutano wa kijiji. Mtoto anapokosa shule siku ya mavuno, mara nyingi ni kwa sababu fedha za sare na madaftari yake zinatoka kwenye mavuno hayohayo. Shirika lilitutaka tujaze fomu ya mahudhurio kila juma, lakini fomu hiyo haikuwa na mahali pa kuandika sababu, na hivyo taarifa iliyopelekwa kwa wafadhili ilionyesha uzembe mahali ambapo palikuwa na hesabu ya kaya maskini.

Masomo ya mazingira yanastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo yanayotangazwa sana na ndiyo yanayoweza kufanywa vibaya kwa urahisi. Kwa upande wa mali ya kufundishia, sijui mahali pengine nchini palipojaliwa kiasi hicho. Karibu na shule kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ambamo walijaribu kahawa, mpira, mti wa kwinini na mimea mingine mingi kutoka pande zote za dunia. Kwenye miamba ya vijito huota Saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake Ulaya mwaka 1892, na ambalo leo huuzwa kwenye vyungu huko Ulaya na Marekani. Maji ya Mto Zigi yanayoanzia milimani humo ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani na kunywewa na wakazi wa jiji la Tanga. Watoto walipolisikia hilo la mwisho walitaka kujua kama watu wa Tanga wanajua maji yao yanatoka wapi, na tukaligeuza swali lao kuwa zoezi la kuandika barua.

Somo lililofanikiwa kuliko yote tulilifundisha kuhusu Maesopsis eminii. Mti huo si wa asili ya Usambara. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, ukapandwa kwa wingi baadaye sehemu zilizokuwa zimekatwa miti, na kisha ukaenea wenyewe ndani ya msitu, kwani hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali na mti mama. Watoto walikuwa wakiwaona ndege hao kila siku bila kuambiwa kwamba ni wapanzi. Tuliwapeleka ukingoni mwa msitu, nje ya mpaka wa hifadhi, tukawataka wahesabu miche ya mti huo katika mraba tuliouzungushia kamba, na mvulana mmoja akamwita babu yake aliyekuwa akipita ili atuambie mahali hapo palivyokuwa zamani. Mzee alisimama nasi kwa muda mrefu, akaitaja miti kwa majina yake ya Kisambaa, akatuonyesha na msambu, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta na kwa miaka kadhaa zimekuwa zikinunuliwa vijijini kwa ajili ya viwanda. Kipindi kilizidi muda wake na hakuna mtoto aliyeulizia kengele.

Ugumu huanza pale mgeni anapohubiri. Mabango ya shirika yaliwataka watoto waseme, “Msitu ni mali yetu, tuulinde.” Lakini katika vijiji hivyo wamo watu waliokuwa na mashamba ya iliki chini ya kivuli cha msitu wa Derema, ambao katika miaka ya 2000 waliondolewa kwa kulipwa fidia ili vipande vya msitu viunganishwe, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba walichopewa hakikulingana na walichokiacha. Mtoto anayeimba maneno ya bango shuleni anarudi nyumbani kwa mzazi mwenye kumbukumbu hiyo. Sisemi kwamba uhifadhi usifundishwe. Msitu huo una viumbe wasiopatikana kwingineko duniani, na mimi mwenyewe natamani ubaki kwa wajukuu wa watoto wale. Nasema kwamba anayefundisha jambo hilo lazima aijue historia ya mahali, amsikilize mwalimu mwenyeji kabla ya kufungua mdomo, na akubali mtoto auzungumzie msitu kama mahali penye kuni, dawa, maji, hofu na hasara, pamoja na uzuri. Shirika halikutupa hata ukurasa mmoja kuhusu Derema. Huo ni upungufu mkubwa zaidi niliouona katika mpango mzima.

Kuhusu watu wa muda mfupi nimekwisha kudokeza, ila niongeze kwamba madhara yake yanaonekana kwa macho. Kikundi cha vijana kutoka ng’ambo kiliwasili katikati ya muhula, kikafundisha nyimbo na rangi kwa Kiingereza kwa siku chache, kikagawa peremende na kalamu, kisha kikaondoka. Vijana hao walikuwa wema, wenye bidii, na walipaka rangi madarasa mawili vizuri sana. Hata hivyo vipindi vya hesabu vya siku hizo havikurudi, na majuma yaliyofuata baadhi ya watoto walinikimbilia njiani wakiniomba kalamu badala ya kuniamkia. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili. Asiyekijua Kiswahili anaweza kusaidia mazoezi ya matamshi ya Kiingereza akiwa pamoja na mwalimu, anaweza kutengeneza vifaa, kukarabati, au kuwafundisha walimu matumizi ya kompyuta wanapohitaji, lakini hawezi kuachiwa darasa la watoto wanaoanza kusoma. Waandaaji wanalifahamu hilo, na walimu wameshalisema. Kikwazo ni kwamba vikundi hivyo hulipa ada kubwa.

Ndipo linapokuja suala la fedha. Sisi Watanzania tulichangia chakula na malazi tu, kiasi ambacho niliona ni cha haki, na kilikwenda moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba mbele yetu. Wageni walilipa mara nyingi zaidi ya hapo, na walipouliza ni sehemu gani ya fedha yao inaifikia shule walijibiwa kwa maneno ya jumla. Mwalimu Mkuu aliniambia kwamba shule ilipokea rangi, mifuko ya saruji na vitabu, wala hakujua thamani ya michango kwa jumla yake. Shirika linalofanya kazi kwa jina la shule linapaswa kuibandika hesabu hiyo kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, ambako kamati ya shule na wazazi wanaweza kuisoma.

Malazi yalikuwa mazuri. Niliishi kwa familia ya mkulima, chumba kisafi, kitanda chenye chandarua, chakula cha bada (ugali wa muhogo), ugali, maharage, mboga za kisamvu na ndizi za kila aina, na chai ya pale pale ambayo sijaonja mfano wake. Usiku ni wa baridi, hasa Juni na Julai, kwa hiyo sweta na blanketi si anasa. Viatu vya mvua ni vya lazima. Malaria ipo, na kwa miongo mingi Amani ilikuwa kituo mashuhuri cha utafiti wa ugonjwa huo. Usipuuze homa, na ujue kwamba matibabu makubwa yako Muheza.

Kwa mwalimu kijana wa Kitanzania anayesubiri ajira, naupendekeza mpango huu kwa moyo wote, kwa sababu nilijifunza ufundishaji wa kusoma kutoka kwa yule mama wa darasa la pili zaidi kuliko nilivyojifunza chuoni. Kwa mgeni anayezungumza Kiswahili na anayeweza kukaa muhula, naupendekeza pia. Muda mzuri wa kuanza ni mwanzo wa muhula, Januari au Julai, ili umkute mwalimu akipanga kazi na uingie kwenye mpango wake; Julai ina nafuu ya barabara. Kabla ya kulipa chochote, liombe shirika likuonyeshe barua ya shule inayotaja kazi inayohitajika, jina la mwalimu utakayekuwa chini yake, na mchanganuo wa ada yako. Shirika lililonipokea lilikuwa na la pili tu katika hayo matatu, na nimewaandikia kuwaomba waongeze mawili yaliyobaki kabla ya kupokea kundi lijalo.